Gari la Zamani Lenye Injini Kubwa Linachemsha: Mwongozo Kamili wa Kulitibu Hatua kwa Hatua

Gari linachemsha, mwenyewe ananunua rejeta ya alumini yenye tabaka tatu, anaifunga, na bado linachemsha. Kosa hili hurudiwa kila siku, na chanzo chake ni kuanzia mwisho. Rejeta ndiyo kipuri ghali kuliko vyote katika mfumo wa kupoza, na mara nyingi si yenye kosa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake bila kuruka, isipokuwa pale mwongozo wenyewe unapokuelekeza. Zimepangwa kutoka kipimo cha bure hadi kazi ya kufungua injini.

Mwongozo unahusu injini zinazopozwa kwa maji: V8 za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, silinda sita za Jaguar, Triumph Stag na nyingine za aina hiyo. Porsche 911 za kabla ya kizazi cha 996 hupozwa kwa hewa na oili, kwa hiyo hazimo humu.

## Vya kuandaa

- Kipimajoto cha infraredi na mkanda mweusi usiong'aa
- Pampu ya mkono ya kupimia presha ya rejeta, yenye adapta ya kupimia mfuniko
- Taa ya taimingi (huonyesha plagi inatoa cheche wakati gani) na geji ya vakyumu (hupima mfyonzo wa hewa wa injini)
- Multimita
- Kifaa cha kupima gesi ya moshi kwenye maji ya rejeta, chenye kimiminika cha bluu
- Thamostati mpya na gasketi yake, mfuniko mpya wa rejeta wa presha ileile, hozi ya juu na ya chini, klemu na mkanda wa feni
- Kulanti nzito (dawa ya kupoza ambayo bado haijachanganywa na maji) na maji yaliyokenekwa. V8 nyingi za lita 5 hadi 6 humeza kati ya lita 14 na 17, kwa hiyo andaa lita 9 za kila kimoja
- Sponji ngumu ya kuziba mianya
- Beseni kubwa. Kulanti ni tamu na ni sumu kwa mbwa na watoto, usiimwage chini

Onyo moja kabla ya yote. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Chini ya presha, maji yanaweza kufika nyuzi 115 za Selsiasi bila kuchemka. Ukilegeza mfuniko presha hushuka ghafla, na maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Subiri hadi hozi ya juu iweze kushikwa bila kukuunguza.

## Kwanza jua linachemsha wakati gani

Swali hili peke yake hupunguza kazi nusu.

Likichemsha limesimama au kwenye foleni, kisha likapoa ukiondoka, shida ni hewa: feni, kava la feni, mianya, au taimingi ya sailensa (injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta).

Likiwa sawa mjini lakini likapanda joto kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa au mlimani, shida ni mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba, hozi ya chini inayojikunja, mkanda unaoteleza, au injini inayopewa petroli kidogo kupita kiasi.

Likipanda ndani ya dakika chache tangu kuwashwa, huku hozi ya juu ikiwa ngumu kama fimbo kabla injini haijapata moto, nenda moja kwa moja hatua ya 3. Gasketi ya silinda hedi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

## Hatua ya 1: Hakikisha geji haikudanganyi

Geji za enzi hizo si za kuaminiwa. Magari mengi ya Uingereza, pamoja na Ford na Chrysler za Marekani, yana kidhibiti kidogo cha umeme kinacholisha geji ya joto na ya petroli kwa pamoja. Kikiharibika, geji zote mbili huweza kupanda kwa pamoja. Ukiona petroli "imeongezeka" huku joto nalo likipanda, usiguse rejeta.

Bandika kipande cha mkanda mweusi kwenye nyumba ya thamostati, washa injini hadi ipate moto, kisha elekeza kipimajoto hapo. Bila mkanda huo, chuma au alumini inayong'aa hutoa kipimo cha chini kuliko joto halisi. Ndiyo maana wengi hupima na kudhani mambo ni mazuri.

Tofauti ya nyuzi 5 kati ya kipimajoto na geji ni ya kawaida. Ikizidi 10, badilisha sensa au kidhibiti kabla ya kuendelea. Sensa mpya isiyolingana na geji ya zamani italeta uongo uleule, kwa hiyo linganisha namba za vipuri.

Kumbuka pia kwamba nyuzi 100 si kuchemsha. Mfuniko wa bar 1 hufanya hata maji matupu yachemke karibu na nyuzi 120.

## Hatua ya 2: Pima presha

Injini ikiwa baridi, funga pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta na upandishe hadi presha iliyoandikwa kwenye mfuniko. V8 nyingi za Marekani hutumia psi 13 hadi 16. Magari mengi madogo ya Uingereza hutumia psi 4, 7, 10 au 13. Usizidishe. Rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa risasi hupasuka kwenye maungio.

Acha kwa dakika 15. Mshale ukibaki palepale, mfumo hauvuji. Ukishuka na huoni tone popote, tazama zulia upande wa hita, kisha toa kijiti cha oili uone kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Pima na mfuniko wenyewe. Mfuniko wa psi 15 unaoachia kwenye 8 unakunyang'anya nyuzi zaidi ya 10 za usalama, kwa kuwa kila psi moja hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1.6. Kwa bei yake, mfuniko wenye shaka hutupwa tu. Lakini usifunge wenye presha kubwa kuliko wa kiwanda ukitarajia kutibu joto. Presha haipozi injini, huchelewesha kuchemka tu, na hozi, hita na rejeta za zamani ndizo zinazolipia.

## Hatua ya 3: Tafuta gesi ya moshi kwenye maji

Punguza maji kidogo kutoka shingo ya rejeta ili kimiminika kisiingiliwe, weka kifaa, washa injini na ubonyeze kipira kwa dakika mbili hivi. Kwa injini ya petroli, kimiminika cha bluu kikigeuka manjano kuna gesi ya mwako inayoingia kwenye maji. Gasketi imeungua au hedi imepasuka, na hatua nyingine zote hazitasaidia hadi hedi ifunguliwe na kupimwa unyoofu.

Kikibaki bluu, usivue kifaa; acha injini ipate moto kamili kisha ubonyeze tena. Mipasuko midogo hufunguka chuma kinapotanuka.

## Hatua ya 4: Taimingi na petroli

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na kwa magari yenye kabureta na distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) ndiyo inayoponya mengi.

Cheche ikichelewa, mafuta huendelea kuungua wakati valvu ya moshi imeshafunguka. Moto huo hupita kwenye milango ya moshi ndani ya hedi, na milango hiyo imezungukwa na maji. Maana yake, nguvu iliyotakiwa kusukuma pistoni inapasha moto maji yako. Rejeta yoyote utakayofunga itakuwa inapambana na taimingi.

Hakikisha alama inasema kweli. Puli ya mbele ya V8 nyingi imeundwa kwa pete mbili zilizounganishwa kwa mpira. Mpira ukizeeka, pete ya nje huteleza, na alama ya sifuri husogea nayo. Tafuta sehemu ya juu kabisa ya pistoni namba moja kwa kizuizi kinachofungwa kwenye tundu la plagi, ukizungusha injini kwa mkono pande zote mbili. Katikati ya alama mbili utakazopata ndiyo sifuri ya kweli.

Weka taimingi ya juu kwanza. Chomoa hozi ya vakyumu ya distributa na uizibe. Pandisha injini hadi mizunguko 3,000 kwa dakika. Kwa Chevrolet na Ford nyingi za V8 ndogo, jumla ya nyuzi 34 hadi 36 (hapa ni nyuzi za mzunguko wa injini kabla ya pistoni kufika juu, si za joto) ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa injini nyingine fuata kitabu chake. Kisha shusha hadi sailensa uone umebakiwa na ngapi. Mara nyingi ni 8 hadi 14.

Rudisha vakyumu, na mahali panapofaa. Magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na ya 1970 yalinyimwa vakyumu kwenye sailensa ili kupunguza moshi mchafu. Matokeo yake, kwenye foleni cheche huchelewa na joto hupanda. Jaribu kuunganisha hozi hiyo kwenye vakyumu kamili ya manifoldi badala ya tundu lililo juu ya kipepeo cha kabureta. Sailensa itapanda; ishushe kwa skrubu ya kabureta. V8 nyingi hutulia zikiwa na jumla ya nyuzi 20 hadi 30 kwenye sailensa, na kipimajoto hushuka ukiangalia.

Onyo: ukisikia injini ikigonga kama kokoto kwenye kopo unapokanyaga mafuta mlimani, rudisha nyuma nyuzi 2 hadi kelele iishe. Kugonga hutoboa pistoni.

Petroli kidogo nayo hupasha moto. Petroli ya leo yenye asilimia 10 ya ethanoli huifanya kabureta ya zamani ipime kidogo kuliko ilivyokusudiwa. Chomoa plagi baada ya safari ya barabara kuu. Zikiwa nyeupe kama chaki, ongeza jeti kubwa kwa saizi moja, lakini kwanza hakikisha hakuna hewa inayopenya chini ya kabureta au kwenye gasketi ya manifoldi. Geji ya vakyumu inayotetereka itakuambia.

Kagua pia valvu ya joto iliyo kwenye manifoldi ya moshi, kama injini yako inayo. Ikikwama imefungwa, moshi wa upande mmoja hulazimishwa kupita chini ya kabureta kila wakati. Irushe kwa mkono injini ikiwa baridi. Lazima izunguke bila kukwama.

## Hatua ya 5: Hewa

Hewa ni mvivu. Ikipata njia ya kuzunguka rejeta badala ya kupita ndani yake, itazunguka.

Kaa mbele ya gari, mwenzako awashe taa nyuma ya rejeta wakati wa giza. Kila mwanga unaouona pembeni, juu au chini ya rejeta ni hewa iliyopotea. Ziba kwa sponji au mabati. Angalia kama bamba la chini ya bampa bado lipo. Wengi hulivua kwa sababu linakwaruza barabara, bila kujua kwamba ndilo linaloshusha presha nyuma ya rejeta na kuvuta hewa kwenye mwendo kasi.

Kava la feni si urembo. Bila kava, feni huvuta hewa kwenye duara lake tu na kuzungusha ileile ya moto kwenye pembe. Panga feni ili nusu ya upana wa bapa iwe ndani ya kava na nusu nje, na iwe angalau sentimita 2.5 kutoka kwenye rejeta. Ikizama yote ndani, hewa hukosa pa kutokea.

Feni yenye klachi ya silikoni hukaguliwa hivi: zima injini ikiwa na moto kamili, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikizunguka huru zaidi ya mara moja au mbili, klachi imekufa. Oili inayovuja katikati yake ni hukumu tosha.

Feni ya umeme ina mitego yake. Waya zikigeuzwa, feni huzunguka kinyume na kupigana na upepo wa gari, kosa la kawaida kuliko unavyodhani. Bandika karatasi mbele ya rejeta gari likiwa kwenye sailensa: ikinaswa na kubaki hapo kwenye feni inayovuta, hewa inakwenda upande sahihi. Kisha pima volti kwenye plagi ya mota yenyewe. Ukisoma 13.5 kwenye betri na 11.8 kwenye mota, waya ni nyembamba au erthi ni mbovu. Tumia relei, fyuzi ya ampea 30 au 40 kulingana na mota, na waya mnene. Swichi ya feni iwake nyuzi chache juu ya joto la thamostati, si chini yake, la sivyo feni haitapumzika kamwe.

Ukifika hapa na gari linalochemsha kwenye foleni tu limetulia, usiendelee kufungua vitu. Nenda hatua ya 8 uthibitishe.

## Hatua ya 6: Mzunguko wa maji

Toa thamostati na uitundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini. Ya nyuzi 82 lazima ianze kufunguka karibu na 82 na iwe wazi kabisa kufikia nyuzi 95, kwa angalau milimita 8. Ikichelewa au ikifunguka kiupandeupande, tupa.

Usiendeshe bila thamostati. Utasikia ikielezwa kwamba bila hiyo maji hupita haraka mno na "hayapati muda wa kupoa." Hilo si kweli, maji yanayozunguka kwa kasi hubeba joto zaidi. Sababu halisi ni kwamba injini kadhaa zina njia ya pembeni inayozibwa na thamostati yenyewe inapofunguka. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Na thamostati ya nyuzi 71 nayo si dawa: huamua injini ianzie joto gani, haiamui iishie wapi.

Shika ncha ya pampu ya maji na uitikise. Mchezo wowote, au alama ya kulanti kwenye tundu dogo lililo chini ya shafti, maana yake pampu imekwisha. Ukiivua, tazama mapanga ya ndani; ya bati hulika na kutu hadi kubaki vijiti. Mkanda ubonyee milimita 10 hadi 13 katikati ya puli mbili.

Kama umebadilisha mfumo wa mikanda kutoka ya V kwenda mkanda mmoja mpana wenye mifereji, hakikisha pampu ni ya mzunguko unaolingana. Kwenye mipangilio mingi ya namna hiyo pampu huzungushwa na mgongo wa mkanda, yaani kinyume. Pampu ya kawaida hapo hukoroga maji tu.

Hozi ya chini ndiyo upande wa pampu unaofyonza. Mwenzako apandishe injini hadi mizunguko 3,000 ikiwa moto; hozi ikijikunja, badilisha kwa nyingine yenye chemchemi ya chuma ndani. Angalia bila kuweka mkono karibu na feni.

## Hatua ya 7: Osha bloku, si rejeta peke yake

Matope ya kutu na mchanga wa kiwandani hukaa chini kabisa na nyuma ya bloku, mahali ambapo kumwaga maji kutoka rejeta hakufiki. V8 ina plagi mbili za kumwagia, moja kila upande juu ya bakuli la oili. Zifungue. Maji yasipotoka, chokoa tundu kwa waya hadi yatoke.

Vua thamostati, kisha sukuma maji ya bomba kinyume cha mzunguko wake wa kawaida: kwenye bloku yaingie juu na kutoka chini, kwenye rejeta yaingie chini na kutoka juu. Presha iwe ndogo. Endelea hadi yatoke meupe.

Kwa bloku ya chuma cha kutupwa na rejeta ya shaba, kutu iliyoganda hulegezwa na asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita moja ya maji. Zungusha kwa dakika 20 hadi 30 injini ikiwa na joto, mwaga, suuza, zungusha maji yenye bikaboneti ya soda, kisha suuza tena mara mbili. Palipo na hedi au rejeta ya alumini, tumia dawa iliyoandikwa kwamba ni salama kwa alumini.

Epuka unga wa kuziba mivujo. Huziba mirija ya rejeta kwanza, mvujo baadaye.

## Hatua ya 8: Jaza, toa hewa, jaribu

Nusu kulanti na nusu maji yaliyokenekwa inatosha mahali penye baridi ya kuganda. Pasipo na barafu, theluthi moja ya kulanti hupoza vizuri zaidi kwa sababu maji hubeba joto kuliko glaikoli, yaani kiini cha kulanti. Usishuke chini ya hapo, kwani kinga ya kutu hupungua. Kwa rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa risasi, chagua kulanti ya aina ya zamani yenye silikati.

Weka thamostati chemchemi ikitazama injini, na kitundu chake cha kutolea hewa kikiwa juu kabisa. Kisipokuwepo, toboa kimoja cha milimita 3. Inua pua ya gari, fungua hita hadi mwisho, jaza polepole, washa bila mfuniko na uongeze kadiri mapovu yanavyotoka. Hozi ya juu ikipata moto ghafla, thamostati imefunguka. Jaza, funga mfuniko, na kagua tena kesho yake injini ikiwa baridi. Kwa Stag hili ni la lazima, maana pampu yake iko juu kwenye bonde la V na maji yakipungua kidogo tu huzunguka hewa.

Pima umeme uliopotea: ncha hasi ya multimita kwenye ncha hasi ya betri, ncha chanya ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma. Zaidi ya volti 0.3 ni erthi mbovu inayokula rejeta. Kwa alumini lenga chini ya 0.1.

Sasa acha gari kwenye sailensa dakika 20, kisha liendeshe kilomita 90 kwa saa kwa dakika 20. Kazi imefanikiwa kama joto linatulia ndani ya nyuzi 5 hadi 10 juu ya thamostati barabarani, halivuki 100 likiwa limesimama, na maji yanatoka kwenye rejeta yakiwa yamepoa nyuzi 5 hadi 10 kuliko yalivyoingia. Ukizima, geji kupanda nyuzi chache ni kawaida; pampu imesimama, chuma bado ni moto.

## Kama bado linachemsha

Hapa ndipo rejeta inaposhtakiwa. Pita juu ya uso wake na kipimajoto injini ikiwa moto. Madoa ya baridi katikati ya joto ni mirija iliyoziba. Kama maji yanaingia moto na kutoka karibu na joto lilelile huku hewa ikipita vizuri, rejeta imeshindwa, na sasa ya alumini yenye mirija mipana itakuwa fedha iliyotumika vizuri.

Rejeta ikiwa nzima, na injini iliwahi kufunguliwa, uliza ilichongwa kiasi gani. Kuta za silinda zilizochongwa zaidi ya milimita 1.5 juu ya saizi ya kiwanda huwa nyembamba kwenye bloku nyingi na joto hupenya kirahisi. Kwa Ford 289 na 302, uliza pia kuhusu gasketi za hedi. Zina maandishi FRONT ambayo lazima yakae mbele pande zote mbili, yakionekana kwenye pembe ya bloku. Ikigeuzwa, maji hupita mkato mbele bila kufika silinda za nyuma, na dawa yake ni kuvua hedi na kuigeuza gasketi.